Umeme Uliporudi Panda

Berthe alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, akaolewa humo humo, na tangu udogo wake bukari, yaani ugali, ameisonga juu ya resho, lile jiko la umeme la bamba moja la chuma. Kupikia makala, yaani makaa, aliona ni mambo ya watu wa porini. Resho yake ilikwisha kupoteza kitufe miaka mingi. Kuizima ni kuchomoa waya ukutani, basi. Na umeme ukikatika, resho inageuka meza. Panda nzima ni hivyo: leo sahani, kesho madaftari ya watoto.

Safari hii umeme ulikatika siku tatu. Siku ya nne, asubuhi, Berthe alikuwa kwenye mstari wa mashine ya kusaga, beseni la mahindi miguuni, pamoja na akina mama kama thelathini. Nyumbani alikuwa amemfungia kwa kufuli Mama Élisabeth, mama mkwe wake, ambaye miguu yake ilikufa mwaka jana na hawezi kutoka kitandani. Wezi ni wengi, utafanyaje?

Mara mashine ikakohoa, ikanguruma.

"Courant imekuya!"

Umeme umerudi, vigelegele vikapigwa. Jirani yake kwenye mstari, Tania, akaanza kucheza na beseni lake kichwani. Berthe naye alianza kimoja, akakiacha katikati. Asubuhi ile alikunja mashuka ya mama mkwe akayaweka juu ya resho. Na waya? Akajaribu kuuona kwa akili. Aliuona ungali umechomekwa ukutani.

"Nani simu yake ingali nzima?" akauliza. Hakuna. Siku tatu bila umeme, simu zote zimekufa. Nyumbani ni mwendo wa nusu saa. Lakini kabini, kile kinyumba cha transfoma inayogawia mtaa mzima umeme, kilikuwa ng'ambo ya barabara, na fundi wake, Papa Athanase, alikuwa bado mlangoni.

"Papa Athanase, zima!"

"Nizime nini?"

"Courant, yote! Minye niliacha resho, mashuka iko juu, na mama iko ndani, nilifunga na kufuli!"

Athanase akatazama kule kwenye vigelegele. "Mamu, bale bantu batanipiga. Siku tatu! Kimbia tu, utafika."

"Nitafika nikute nini?"

Athanase akaangalia vidole vya Berthe vilivyoshika mlango wa chuma, havitaki kuachia. Akaingia, akashusha mkono wa swichi. Ng'ambo, mashine ikafa katikati ya debe la mtu.

"Siwashi mpaka nione sura yako. Enda!"

Makelele yakamfuata mgongoni. "Mama Berthe," Tania alipaza sauti, "umekula courant yetu, leo utaitapika!" Hakugeuka. Kitenge kilifunguka njiani, akakikumbatia, akazidi kukimbia na sketi ya ndani, mama mzima mwenye wajukuu.

Ufunguo ulikataa kuingia mara mbili. Mlango ulipofunguka, moshi ukampiga usoni. Mashuka yalikuwa yanaliwa polepole, mekundu kwenye mikunjo, bila mwali. Akayavutia uani, akayakanyaga, akarudi, akachomoa waya. Ndipo akathubutu kugeukia kitanda.

Mama Élisabeth alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, anakohoa.

"Nani amezima radio?" akauliza kwa hasira. "Kwaya ilikuwa ndiyo inaanza."

"Ni minye, Mama," Berthe akasema, akakaa sakafuni.

Alipoinuka, alifungua dirisha, akamnywesha mama maji, akamwita jirani akae naye. Mlango akauacha wazi. Kisha akarudi mbio, maana watu wanangoja.

Akina mama walikuwa wameizunguka kabini, mikono viunoni. Berthe akafika mikono myeusi, ananuka moshi.

"Mama iko muzima," akasema. "Mashuka imeungua. Papa Athanase, washa."

Athanase akashika mkono wa swichi.

"Ngoja kwanza, Papa," Tania akasema, sauti imebadilika. Akaweka beseni chini, akaondoka akitembea, kisha akikimbia.

"Na minye sijui kama nilichomoa," mwingine akanong'ona, akamfuata. Mara mstari mzima ukavunjika, kila mmoja upande wa kwake, mabeseni yamebaki barabarani.

Athanase akauachia mkono wa swichi, akakaa kizingitini kuwangojea.