Barua ndani ya Unga wa Muhogo

Tulikuwa watano kwenye mkeka, nyuma ya nyumba yetu katika kijiji cha Wamaza, wakati wa kuchambua pamba. Nyanya, mama wa baba yangu. Mama yangu, yaani mukaza mwana wake. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa na Mwislamu wa Kasongo akarudi kwetu mjane. Jirani, mke wa fundi cherehani. Na mimi, mutoto wa miaka kama kumi na miwili, mwenye kitabu. Majina yao yote ninayo, na ya mama zao pia, lakini wameacha wajukuu na sitaki kesi.

Wakati wa Wabelgiji kila nyumba ilikuwa na shamba lake la pamba, utake usitake. Nyeupe tuliweka kikapu kimoja, ya manjano kingine, kabla ya siku ya soko. Mikono ilikuwa na kazi, masikio hayana. Ndiyo sababu niliruhusiwa kuwasomea badala ya kuchambua.

Shule nilikuwa nimeiacha. Baba alisema miaka miwili inamtosha mutoto mwanamuke. Mke wa katekista, aliyenifundisha herufi, aliona zitanitoroka, akaniazima kitabu cha hadithi: mwanaume amekwenda kazi ya reli, mke amebaki na mama mukwe, na barua za mume hazimfikii. Nikikimaliza na kumsimulia, ataniazima cha pili. Alikuwa na viwili tu.

Shida ilikuwa wasikilizaji wangu. Kwao, karatasi inayosomwa kwa sauti ilikuwa mambo ya dini. Nikifungua tu, mama anafunga mdomo, jirani anashusha macho, shangazi anajifunika kichwa vizuri. Nikifika mwisho wa ukurasa wanajibu, "Amina." Mume anapanda treni: Amina. Mke anaungua mkono kwa sufuria: Amina. Nyanya akisimulia ngano zake, watu walimjibu, walimcheka, walimkatiza. Kwangu walikaa kama kwenye misa ya wafu, na mimi nikaanza kusoma hivyo hivyo, kama mtu anayehesabu rozari. Katikati ya kitabu hamu ikaisha kabisa. Maneno yalipita machoni, hakuna lililoingia. Nikakificha ndani ya chungu kilichopasuka, nikarudi kwenye pamba, nikisema kichwa kinaniuma. Kiliuma mwezi muzima.

Halafu Alhamisi moja mke wa katekista akanitumia neno: nirudishe kitabu Jumapili. Kama sijamaliza, cha pili atakipeleka Kasongo kwa mtoto wa dada yake. Niliogopa. Nyumbani kwetu hapakuwa na karatasi nyingine. Nikikikosa, baada ya mavuno mawili sitaweza kusoma hata jina langu.

Nikakitoa kitabu chunguni, nikasoma kwa sauti kavu. Nikafika pale mama mukwe anapopokea barua ya mwanawe na kuificha ndani ya kapu la unga wa muhogo. Wote wakasema Amina, isipokuwa nyanya.

"Mu unga?" akauliza. "Na mukaza mwana anachekecha unga kila siku? Ataikosa namna gani? Huyu mwenye kuandika hajapika bugali hata siku moja."

Shangazi alishtuka. "Mama, nyamaza. Neno la Mungu halikatizwi."

"Si Neno la Mungu, shangazi," nikasema. "Ni hadithi. Mutu aliitunga."

"Aliitunga?" Jirani aliacha pamba. "Na sisi tunasema Amina siku zote hizi, wewe unatuangalia tu?"

"Sikuwaomba museme."

Walicheka mpaka shangazi akafuta machozi kwa pamba nyeupe. Kisha mama, ambaye hakuwahi kubishana na nyanya hata kwa ajili ya chumvi, akasema bila kuinua macho, "Pengine alitaka aione."

"Nani?"

"Mama mukwe. Aliisha kuficha zingine, anaona haya kumupa hii mu mukono. Basi ameiweka pale mukono wa mukaza mwana utafika."

Nyanya alimtazama. "Sasa wewe ndiye unamutetea?"

"Ninamutetea. Wewe unamusema vibaya."

"Sikumusema vibaya. Nilisema iko mujinga."

"Soma, mutoto," jirani akasema, "tujue nani iko na haki."

Nikafungua ukurasa upesi, na mara ile sikuwa ninaiwaza Jumapili. Nilitaka kujua. Kila mstari sasa ulipata wa kuubishia. Shangazi alikuwa upande wa nyanya, jirani alihama kila mara. Jumamosi, jua bado juu, tukamaliza. Barua ilionekana kwenye chekecheo. Mukaza mwana akampelekea mama mukwe, akasema tu kwamba imeanguka ndani ya unga.

"Haya," nyanya akasema. "Lakini bado iko mujinga."

Kikapu cha nyeupe kilikuwa kimejaa manjano. Tukachambua upya, wote watano.

Jumapili nilimsimulia mke wa katekista yote, pamoja na maneno ya nyanya na ya mama.

"Haya hayamo," akasema.

"Hayamo, mama. Lakini ndiyo yaliyonifikisha mwisho."

Akaingia ndani, akatoka na cha pili. Akauliza pamba yetu itaisha lini, maana angependa kuja kukaa nasi.

Juzi tu kitabu cha hadithi walichoniletea wajukuu kilinikwamisha kurasa za mwanzo. Sikulazimisha macho. Nilimwita jirani yangu wa sasa, mbishi kweli kweli, nikamsomea kwa sauti. Tumekimaliza jana, na hatujapatana.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Mama alidai mpaka uzeeni kwamba yeye ndiye aliyeutilia shaka ule unga kwanza, si nyanya. Ninyi wa nyumba ya fundi cherehani, kama bibi yenu aliwasimulia vingine, mnijulishe nilipokosea, nisahihishe.