Njaa ya Dada Yangu

Dada yangu mdogo alikula kutushinda sote, na bado alikonda hadi sare ya shule ikamning'inia. Shangazi, aliyetulea Kitengela, alimpunguzia ugali. "Huyu ni mlafi tu," aliwaambia wageni, nao wakacheka. Dada aliomba maji, akanywa jagi zima.

Alipozimia tulimpeleka hospitali Kajiado. Daktari alisema ni kisukari: chakula kinageuka sukari kwenye damu, lakini bila insulini sukari hiyo haiingii vizuri kwenye seli, kwa hivyo mwili ulikuwa unakula misuli yake wenyewe. Sasa angedungwa sindano za insulini kila siku.

"Na hizo sindano atadungwa mpaka lini?" shangazi akauliza.

"Maisha yake yote."

Shangazi akachukua mkoba wake. "Sasa nani ataoa huyu?"

Dada, aliyekuwa macho, aligeukia ukuta.