Kiti cha Toroli

Mwanangu alianguka wakati nasoma maandishi ya kopo la rangi. Sikusoma hata mstari wa pili.

Ilikuwa Kasulu, kwenye duka kubwa la kujihudumia karibu na stendi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yangu iko Kibondo mjini. Siku hizo nilikuwa naenda Kasulu karibu kila mwezi kutafuta mabomba ambayo kwetu hayapatikani. Safari ile tulikwenda sote watatu. Mke wangu, muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alikuwa na semina ya siku moja, na mimi nikabaki na binti yetu wa mwaka mmoja na miezi minne.

Duka hilo ndilo la kwanza nililoliona kule lenye matoroli ya kusukuma. Watu waliyapenda mno. Mtu alikuja kununua kiberiti akakisukuma kwenye toroli mpaka kwa mwenye kupokea fedha. Karibu na mpini kulikuwa na kiti cha kukunjua, chenye matundu mawili ya kupitishia miguu ya mtoto. Nikamketisha binti yangu humo. Akashika mpini akaanza kunguruma kama anaendesha lori, nami nikajiona baba wa kisasa. Tulipofika kwenye rafu ya rangi, nikatia makopo kadhaa kapuni, kisha nikageuka kusoma jingine.

"Atasyo, papa! Mutoto!" sauti ilinipigia kelele nyuma yangu, niangalie.

Nilipogeuza shingo, binti yangu alikuwa amechomoa miguu na kusimama juu ya kiti, ameegemea mpini kwa tumbo, na magurudumu ya mbele ya toroli yalikuwa yameshaacha sakafu. Mwanamke mmoja mnene aliyefunga kitambaa kichwani aliruka akamdaka kwa gauni. Toroli likaenda chini na makopo yangu yote. Mtoto alijigonga mdomo kwenye mpini, damu ikatoka kidogo, na kilio kikajaa duka zima.

Yule mwanamke alinipa mtoto wangu, akaokota kopo moja lililobingiria hadi miguuni pake. Nilijua kwa lafudhi kwamba ni Mkongo, na baadaye akaniambia alitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kibali cha siku moja, kuja kununua uzi wa cherehani.

"Papa, ile kiti inakosa sentiri," alisema, akinionyesha kiunoni kwake mahali mkanda unapokaa. "Mutoto haikalake kimya. Ni lazima umufunge."

Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Mchana mke wangu alitoka kwenye semina akatukuta nje ya duka, mtoto ana mdomo umevimba na mkononi ana biskuti. Alimtazama macho, akampapasa kichwa chote taratibu, akamsimamisha aone kama anayumba. Mimi nilisubiri lawama zake. Hakunilaumu.

"Wodini tunapokea watoto walioanguka kutoka kitandani, kwenye baiskeli, kwenye miembe," alisema. "Wote wazazi wao walikuwa karibu." Kisha akanitazama. "Wewe kazi yako ni kutengeneza mageti ili watu wasiingie. Hebu tengeneza kitu ili mtoto asitoke."

Nikarudi ndani kwa mwenye duka, mama mtu mzima aliyekuwa akikaa kwenye stuli ndefu akiona kila kona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mtoto anaendeleaje?"

"Hajambo, anakula biskuti."

Alikuwa ameshaandika tangazo kwenye kipande cha boksi: MZAZI, USIMWACHE MTOTO PEKE YAKE. Alinionyesha kama mtu anayetaka kusifiwa.

"Mama," nikamwambia, "mimi sikumwacha. Nilikuwa nimesimama pale pale. Niligeuza shingo tu. Nipe toroli moja nikalitazame."

Alilipindua lile boksi mikononi. Mwisho akanyooshea kidole toroli lililokuwa na gurudumu linalolia. "Chukua hilo kilema. Ukiliharibu, sitalia."

Toroli lile lilikwenda Kibondo juu ya basi, limefungwa kamba katikati ya magodoro na mabomba yangu. Nilipolishusha stendi, watu walinizunguka. Mmoja aliuliza kama nimenunua banda la kuku. Mwingine alisema labda ni kitanda cha hospitali cha watu wafupi. Nililisukuma barabarani hadi karakana likilia njia nzima, na mbwa wawili wakatusindikiza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufikiri kama fundi wa madirisha. Nilichukua bomba jembamba, nikalipinda, nikaliwekea bawaba ili lifunge mbele ya kifua cha mtoto. Nililipaka rangi ya njano. Niliona limependeza. Binti yangu nilipomfungia humo alinitazama mara moja tu, akapiga yowe. Mke wangu akamtoa, kisha akapitisha kidole chake mahali bomba lilipokutana na fremu.

"Hapa kidole cha mtu kitabaki," alisema.

Nilikata bomba lile kwa grenda siku hiyo hiyo.

Ndipo nikaanza upya, safari hii bila haraka. Nilimpima mtoto uzito, nikajaza maharage kwenye mfuko mpaka yakalingana naye, nikauketisha mfuko kwenye kiti cha toroli tupu. Kisha nikauegemeza kwenye mpini kama alivyoegemea yeye. Toroli likainua mbele bila ubishi. Nilirudia labda mara kumi, maana sikuamini. Nilikuwa nimedhani shida yote ni mkanda, kumbe kiti chenyewe kilikuwa juu mno na nyuma mno, na uzito wa mtoto ulikuwa ukiangukia nje ya magurudumu. Ningemfunga mtoto mkanda mzuri sana, kisha angeanguka pamoja na toroli.

Nikakishusha kiti, nikakisogeza ndani ya kapu mpaka kikakaa katikati ya magurudumu manne. Miguu ya nyuma nikaitanua kwa upana wa kiganja. Mfuko wa maharage ukaegemea, nikabonyeza mpini kwa mkono, likakataa kuinuka. Nilifurahi nikamwita jirani yangu, muuza vipuri vya baiskeli, aje aone. Alitazama mfuko, akanitazama mimi, akaniuliza kama nimekula.

Lililobaki ni vipimo vya watoto, na binti mmoja hawezi kuwa kipimo cha wote. Mke wangu alikuwa na zamu ya kliniki ya watoto kule Busunzu, nami nikamfuata kwa pikipiki nikiwa na futi ya fundi cherehani shingoni. Alinitambulisha kwa akina mama waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri mizani, akawaeleza ninachotaka. Nikawasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," na nyuso zikalegea.

"Fundi, unawashonea suti?" aliuliza mmoja. Benchi zima likacheka, na baada ya hapo kila mmoja alitaka mwanawe apimwe. Nilipima mapaja, viuno, urefu kutoka makalio hadi kwapa. Watoto walinikojolea mara mbili. Nilijifunza kwamba viuno vyao havipishani sana, ila miguu inapishana mno, na kwamba wa miezi mitano bado anaanguka upande akikalishwa, kwa hiyo kiti changu si chake, na mama yake aendelee kumbeba.

Alikuwapo bibi mmoja aliyemleta mjukuu. Alinitazama kwa muda nikihangaika kuzungusha futi kifuani mwa watoto, kisha akasema kwa Kiha kwamba ninaanzia pabaya. Mke wangu hakuelewa, ikabidi nimtafsirie. Bibi akasimama, akainama, akamweka mjukuu mgongoni na kutandaza kitenge. Kwanza alikikaza chini ya makalio ya mtoto. Alipoona kimeshika ndipo akapandisha upindo wa juu na kuufunga.

"Ukianza juu," alisema, "mtoto anatelemkia chini, na nguo inamkaba."

Niliomba arudie. Alirudia akicheka, akashangaa kwamba mwanaume mwenye mke muuguzi hajui jambo hilo. Nilichora kwenye daftari langu mkanda unaopita katikati ya miguu ya mtoto kwanza, halafu ndio ukutane na ule wa kiunoni.

Kushona mimi siwezi. Nilimpigia simu mama mwenye duka nikamuuliza kama yule mteja wake wa uzi, Mkongo, bado anafika. Akasema anafika akipata kibali, na safari ijayo atampa ujumbe. Tukakubaliana siku. Nilikwenda Kasulu na toroli langu juu ya basi kwa mara ya pili, na mikanda niliyoing'oa kwenye gari bovu lililokuwa likiozea nyuma ya gereji, nimeifua kwa sabuni mpaka imerudi rangi yake.

Yule Mkongo alinikuta barazani kwa fundi cherehani jirani na duka, ambaye alikubali kutuazima mashine. Kabla ya salamu kukamilika aliuliza, "Na ule mutoto, alipona?"

"Alipona, dada. Sasa anakimbia."

"Unaona! Mi nilijua, ule ana nguvu."

Alizishika nguzo mbili nilizochomelea kukishikilia kiti, akavuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaupima mkanda wangu kwa macho na kuukata mfupi kuliko nilivyotaka. Sindano ilivunjika mara mbili kwenye kitambaa kile kigumu, akabadilisha, akashona kila kiungo mara nne, kwenda na kurudi. Kifungo nilikuwa nimepanga kiwe mbele, tumboni mwa mtoto. Alikikataa.

"Mutoto iko na mayele kushinda fundi," alisema. "Ukiweka hapa mbele, siku mbili tu atajua kufungua. Weka nyuma ya kiti. Mama yake atafika, ye hatafika."

Mayele ni ujanja. Nilikiweka nyuma. Alipomaliza alichukua kibali chake, akaangalia saa ya kurudi, akaniaga haraka haraka kwa kuwa gari lake lilikuwa linaondoka. Nilimtengenezea baadaye stendi ya chuma ya cherehani yake ya kambini, na mama mwenye duka akaifikisha.

Siku ya kulijaribu, mama mwenye duka alishuka kwenye stuli yake mwenyewe. Mke wangu alimfunga binti yetu kitini. Safari hii mtoto hakulia, alikuwa anashangaa kuona miguu yake inaning'inia ndani ya kapu kama sukari iliyonunuliwa. Mama mwenye duka akalisukuma hadi kwenye kizingiti cha mlango, likaruka, likatulia. Akaniambia nibonyeze mpini. Nikabonyeza. Akabonyeza na yeye, na yeye si mwepesi. Halikuinuka.

"Sawa," alisema. "Lakini umenilia kapu. Watu watanunua nini humu?"

"Mama, mtu anayemkimbiza mtoto dukani hanunui kitu. Huyu atazunguka polepole."

Alifikiri kidogo, akamtazama binti yangu aliyekuwa akijaribu kufikia pakiti ya pipi kwenye rafu, akishindwa, na kujaribu tena. "Yanayobaki utayachukua matatu matatu," alisema. "Nisibaki na duka bila matoroli." Lile tangazo la boksi hakulitoa. Alisema halimdhuru mtu.

Kazi ile ilichukua miezi. Nilikuwa nabadilisha kitu kila mara: niliona pembe moja inakwaruza goti, nikaifunika mpira; niliona mikanda inachafuka kwa maziwa na uji, nikaiwekea vishikizo ili ivuliwe na kufuliwa. Mke wangu aliikagua yote kwa kupitisha vidole kila mahali, na alichokataa nilikikata bila kubisha.

Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye rafu ya biskuti mle dukani, nimekuja kukabidhi matatu ya mwisho. Kijana mmoja aliyevaa kama mwalimu alikuwa na mwanawe wa kiume kitini. Aligeuka kusoma maandishi ya mfuko wa unga wa lishe. Mtoto akaweka mikono kwenye mpini, akajivuta juu kwa nguvu zake zote. Makalio yakaachana na kiti kidogo sana, mkanda ukashika, akakaa. Akajaribu tena. Mkanda ukashika. Akautazama, akauinamia, akaanza kuutafuna. Baba yake aliendelea kusoma, akasoma mpaka mwisho wa mfuko, akauweka kapuni, wakaenda zao.

Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyepokea simu nzuri. Nilimsimulia mke wangu nilipofika nyumbani, naye akaniomba nisimulie tena pale mtoto alipotafuna mkanda.

Juzijuzi mama mwenye duka alinipigia. Mteja wake mmoja wa kutoka Murungu amehamia Kasulu, ana mapacha, na kila akija analazimika kumfunga mmoja kwenye toroli na mwingine kumbeba mgongoni, na hapo bado hajashika kikapu. Ameuliza kama viti viwili vinawezekana. Nimekwenda kuwapima. Mmoja alikubali, mwingine alinipiga teke la kidevu. Sasa karakana yangu ina toroli lenye viti viwili, mfuko wa maharage na mfuko wa mahindi imekaa ubavu kwa ubavu. Halianguki, hilo nimeshalihakikisha. Ila kwenye kona linagoma, gurudumu la kulia linaburuta, na leo asubuhi nimelifungua nione kwa nini.