Nyota ya Shomari Ilivyozimwa Kawe

Watu wote wa Mwananyamala, wake kwa waume, wenye sikio la kusikia na wasio nalo, mnatangaziwa kwamba huko juu, mbali kuliko Ulaya yenyewe, limefariki fungu la nyota lililojizungusha kama ukili wa kawa la kufunikia chakula. Limeuawa na Mwanakombo binti Jabiri, mshona kawa. Mazishi hayatakuwapo, maiti haifikiki.

Mwanakombo hakuwa na ugomvi na mbingu. Ugomvi wake ulikuwa na Shomari, ambaye mwaka ule Malkia wa Uingereza alipovishwa taji alimpa talaka asubuhi, na jioni akamlaza bibi harusi mpya kwenye besera, kitanda cha nguzo cha marehemu mama yake Mwanakombo. Talaka aliimeza. Besera lilimkwama kooni. Kila alipotuma mtu kulidai, Shomari alijibu, "Mwambieni bado lina joto."

Ndipo Kornelio, mpishi wa mzungu mmoja wa Kawe, alipokuja kununua kawa akajigamba, "Bwana wangu Hasweli ni mnajimu. Ana darubini nene kama mgomba."

Huko Mwananyamala, mnajimu alijulikana kazi yake: kufunga nyota ya adui na kuondoka na kuku. Mwanakombo akakamata jogoo, akashika njia ya Kawe.

"Shikamoo Bwana. Mie nataka nyota ya Shomari bin Hija. Uifunge, uizime, uikanyage."

Kornelio akaona haya kufasiri. Akamwambia bwana wake kwamba mama huyu anapenda elimu. Bwana Hasweli nusura alie kwa furaha. Magharibi ilipoingia giza, akamwinamisha kwenye darubini. Mwanakombo akaona doa, kama tone la tui kwenye kaniki. Kisha akaonyeshwa picha ya doa lile lile, iliyopigwa Ulaya kwa darubini kubwa: mikono imejiviringa, kawa tupu likitazamwa kwa juu.

"Bwana anasema," Kornelio akafasiri, "mwanga huu uliondoka huko kabla ya Adamu. Hata kama doa lenyewe limekufa, sie tutazidi kuuona tu."

"Na mwenyewe hajijui kama kafa?"

"Atajuaje?"

Mwanakombo akacheka mpaka jogoo akawika.

Kesho yake kisimani akapaza sauti. "Jamani, mwoneeni huruma Shomari. Mnajimu wa Kizungu kaitazama nyota yake, ilishazimika zamani. Huyo mnayemwona ni mwanga tu."

Ikatosha. Watu wakaanza kumsalimia Shomari kwa sauti ya msibani. Kinyozi akamgusa bega kwanza, kuhakikisha lipo. Bibi harusi akasema hakuolewa alale na mwanga, akarudi kwao. Ijumaa Shomari akaja, mbao za besera kichwani, jasho linamtiririka.

"Mwanakombo, nakuomba. Mwambie mzungu aniwashe."

"Tua hapo. Polepole, marehemu."

Kornelio naye akaingia mbio, anahema. Uvumi ulikuwa umefika Kawe. "Dada, bwana kakasirika! Anasema lile doa si nyota ya mtu. Ni nyota mamilioni kwa mamilioni, kila moja jua kama hili letu, na huenda zina watu wake! Nikamjibu nini?"

Mwanakombo alikuwa ameinama, anachungulia maungio ya besera.

"Mwambie limerudi na kunguni."