Mama Mwenye Fagio Langoni

Halmashauri ya mji wetu wa mvinyo, hapa kando ya mto Mosel nchini Ujerumani, imetamka rasmi kwamba kwetu hakuna anayekimbizwa na saa. Mama jirani yangu hutundika fagio langoni, ishara kwamba anauza mvinyo wake, kisha mbio zinaanza, glasi mkono huu, mkate wa vitunguu mkono ule. Kengele ya mumewe mgonjwa ikilia ghorofani, hupanda huku akifuta vidole kwenye aproni.

"Keti nasi, mama! Unakimbilia wapi?" mgeni mmoja alimtania.

"Nikiketi, utakunywa mate yako."

Wakacheka. Kengele ikalia kidogo, ikakatika. Alitazama dirisha la juu, akamimina glasi mbili zilizobaki bila kumwaga tone, ndipo akapanda.

Mazishi yalipangwa Jumatatu, siku ambayo wageni ni wachache.