Mjukuu Wake Ndiye Atakayemwigiza

Admin wa ukurasa huu, niwie radhi. Uliniomba nikieleze kisa hiki tangu kabla ya mavuno ya mahindi, nami nikanyamaza kwa sababu kila nilipoanza kuandika, hasira ilinizidi. Nakusihi ulifiche jina langu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mwenye umri wa miaka sabini na mbili, kutoka upande wa Mogogosiek, kwenye mashamba ya chai. Miaka ya tisini niliongoza kikundi cha maigizo katika shule moja ya upili. Wanafunzi walivuta bangi, nasi walimu tukawachapa bila kuuliza ilikotoka. Siku moja nikawaambia, "Msiniambie inakotoka. Niigizieni." Kiprotich, mwana wa marehemu dada yangu niliyekuwa nikimlea, alivaa koti refu, akatundika gunia la majani chai kwenye mzani, akapangusa mkono kwenye koti mara mbili, kisha akampenyezea mwenzake msokoto wa bangi.

Siku ya wazazi tuliigiza vivyo hivyo. Akina mama waliokaa kwenye nyasi wakapiga kelele, "Uui! Si huyo ni karani anayetupimia chai!" Uwanja mzima ukacheka. Karani mwenyewe, mjumbe wa halmashauri ya shule, alikuwa ameketi mbele. Hakucheka.

Wiki hiyo hiyo sanduku la Kiprotich lilipekuliwa bwenini, ikapatikana bangi. Kijana huyo hakuwa amevuta hata siku moja. Alifukuzwa, nami nikahamishiwa shule ya mbali, Soin. Nilipokuwa nikipakia vitanda, karani alikuja, akapangusa mkono kwenye koti, akanisalimia.

"Mwalimu, wewe uliigiza. Na mimi nimeigiza kidogo."

Hakuna shule iliyomkubali Kiprotich tena. Hadi leo anachuma chai ya watu, na jioni anakunywa chang'aa mpaka aanguke.

Karani sasa ni mzee wa kanisa anayeheshimiwa. Vijana wa kanisa wameniomba niwafunze mchezo wa kupinga dawa za kulevya, naye ndiye mgeni wa heshima. Nimewapa mchezo ule ule. Anayeigiza karani ni mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu anayelelewa naye, na hakuna anayemshinda kwa kuigiza. Nilipomwonyesha namna ya kupangusa mkono, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu, hii ni babu kabisa! Wacha niifanye, atafurahi sana!"

Hajui lolote. Akiifanya, watu wazima wote watakumbuka, na aibu itamwangukia mtoto huyo mbele ya babu anayempenda. Nikiiondoa, mzee atapiga makofi, atatufungia kwa maombi, kisha atakwenda kwake kunywa chai.

Nilimweleza Kiprotich asubuhi moja kabla hajalewa.

"Mjomba," akasema, "mimi naomba tu kiti cha mbele."

Mchezo ni Jumapili ijayo. Nishaurini, wasomaji, bila matusi, na bila kuniambia nimwachie Mungu, kwa maana nilimwachia tangu siku ile ya vitanda. Mtoto huyu apangushe mkono, au asipangushe? Nikishaamua, nitawaandikia.