Pumzi Kabla ya Tarumbeta

Daktari alisema wazi: kifua cha mume wangu kimechoka, akipuliza tarumbeta tena anajichimbia kaburi. Wiki hiyohiyo wakaja mafundi mitambo wa redio kutoka Dar kurekodi nyimbo za zamani za bendi yao, zile ambazo Moshi nzima ilizicheza tulipopata uhuru. Nilimkataza mpaka sauti ikanikauka. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Asubuhi akavaa suti yake, nami nikamfuata na chupa ya mtori, supu ya ndizi na nyama, maana ningemwachia nani?

Walirekodia kwenye ghala la vitambaa la Mhindi mmoja pale mjini, kuta zimefunikwa mablanketi, madirisha yamefungwa yote. Ili kuamsha midomo, akapiga wimbo wa maziko aliojifunzia kanisani kwao, kijijini Kirua. Wenzake wakaacha kukaza nyuzi za magitaa. Nikamwambia wimbo huo haupigwi pasipo msiba. Akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Wimbo wa kwanza aliupiga polepole, kwa majonzi, hata nikasahau hasira zangu. Fundi akasema haufai, kwani kabla ya kila mstari pumzi ya mpigaji inasikika ikikoroma. Warudie upesi: wingu limeshashuka mlimani mpaka Rau, na mvua ikigonga mabati, basi tena. Wakarudia. Pumzi ikazidi kukoroma. Wakarudia tena. Leso aliyojifutia mdomo aliikunja harakaharaka akaitia mfukoni, akidhani sijaiona damu. Niliogopa, jamani.

"Baba watoto, twende nyumbani."

"Mara moja tu," akasema. "Mtoto wetu mdogo hatanikumbuka. Angalau anisikie."

Mvua ikashuka katikati ya wimbo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, fundi akanikata jicho. Mtori tulirudi nao vilevile.

Tulimzika kabla kahawa haijaiva, na tarumbeta za kanisa zikampigia wimbo uleule wa maziko.

Miezi ikapita, jioni moja redio ikamcheza. Niliitambua pumzi ile: ni ya ule upigaji wa kwanza, ule waliosema haufai. Kumbe walikuwa nao tangu mwanzo, na kule kurudia kote kulikuwa kwa bure! Nikaporomosha matusi, naitukana redio kama mtu.

Binti yetu mdogo alikuwa ameweka sikio kwenye spika. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Nyamaza, mama. Baba anapumua."